Askari si kila mwenye silaha

Andika sentensi fupi, "Askari watatu wamejeruhiwa usiku wa kuamkia jana", kisha wape watu wanne waisome. Msomaji wa Dodoma atawaona polisi. Wa Nairobi huenda akafikiria walinzi wa lango au wale wa kaunti wanaoitwa kanjo, maana kwao polisi siku hizi huandikwa "afisa wa polisi" hata akiwa konstebo. Wa Kampala atawaona walinzi wa kampuni binafsi. Wa Bukavu atawaona wanajeshi wa serikali. Wote wanne wanajua Kiswahili vizuri na hakuna aliyekosea kusoma. Aliyekosea ni mwandishi, aliyelitupa neno lenye maisha marefu kuliko magazeti yetu bila kuliwekea mwenyewe.

Naliita neno lisilo na mwenyewe kwa sababu hilo ndilo kosa kubwa katika matumizi yake. Kiini cha neno askari ni utumishi: mtu aliyeandikishwa, analipwa, amepewa alama ya kumtambulisha, na yuko chini ya amri ya mwenye mamlaka. Kupigana ni mojawapo tu ya kazi anazoweza kutumwa. Ndiyo maana neno moja limeweza kumbeba mpiganaji wa vita vya 1914, mfungua lango la benki, mlinzi wa gereza na mzuia majangili, na halikupasuka. Na ndiyo maana kuliandika peke yake, bila kusema ni askari wa nani, ni sawa na kuandika "mfanyakazi" ukadhani umeshaeleza.

Tuanze na chanzo. Kwa Kiarabu, askar ni jeshi au kambi ya jeshi, na askari, kwa ile i ya mwisho inayoonyesha uhusiano, ni mtu au kitu cha jeshi. Wanaisimu wengi hulirudisha nyuma zaidi hadi Kiajemi, lashkar, lenye maana hiyohiyo ya jeshi. L ya mwanzo ilidhaniwa kuwa ni sehemu ya al- ya Kiarabu, ikadondoka. Shina lile lile liliwafikia Wareno wakapata lascarim, na Waingereza wakapata lascar, jina walilowaita mabaharia kutoka Bara Hindi. Katika Dola ya Uthmaniya neno hili lilipanuka kwa namna inayotufaa sana kuielewa: askeri lilikuwa jina la tabaka zima la watumishi wa sultani, makadhi na makarani wakiwemo, waliosamehewa kodi, tofauti na raia walipa kodi. Mtu aliweza kuwa askeri asishike upanga hata siku moja. Utumishi ulitangulia silaha.

Pwani yetu inathibitisha jambo hilo mapema. Masultani wa Zanzibar walitegemea Wabulushi na Washihiri waliokodiwa na kuongozwa na majemadari wao. Mwaka 1877 Sultani Barghash alimkabidhi Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la maji la Uingereza, kazi ya kuunda kikosi cha mtindo wa Ulaya chenye sare, gwaride na mshahara. Miaka 19 baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, kasri la Zanzibar lilipigwa mizinga na meli za Kiingereza katika vita visivyofika saa moja. Ndani ya kasri, upande wa Khalid bin Barghash aliyejitwalia usultani, walikuwamo askari wa Zanzibar. Nje, upande wa Waingereza, chini ya Mathews na Luteni Raikes, walikuwamo takriban askari 900 wa Zanzibar. Sasa mwandishi anayeandika kwamba "askari wa Zanzibar walipigana kishujaa" amesema nini? Hajasema lolote mpaka amtaje bwana wao wa asubuhi ile.

Neno lilipata umbo lake la kijeshi tunalolisoma katika vitabu vya historia mwaka 1889. Hermann Wissmann aliletwa na Ujerumani kuzima vita vya Abushiri wa Pangani, na kwa kuwa hakuwa na jeshi, aliajiri. Sehemu kubwa ya watu wake, karibu 600, walikuwa Wasudani aliowapata Misri, askari wa zamani wa Khedive, mtawala wa Misri. Kundi dogo zaidi lilitoka Msumbiji, watu wa kusini ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Abushiri alinyongwa Desemba 1889, na kwa sheria ya tarehe 22 Machi 1891 kikosi hicho cha kukodi kikawa jeshi rasmi la koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, Schutztruppe. Wasudani hawakuja na bunduki tu, walikuja na vyeo. Hapo ndipo penye utajiri wa lugha ambao watu wengi wanaupita haraka.

Vyeo hivyo ni vya Kituruki, kwa kuwa jeshi la Misri lilijengwa kwa amri za Kituruki. Chini kabisa ni askari, yaani mtu asiye na cheo. Juu yake ombasha, kutoka onbaşı, "mkuu wa kumi", sawa na koplo. Kisha shaushi, kutoka çavuş, sawa na sajini. Juu ya shaushi ni yule ambaye nyaraka za Kijerumani humwandika Betschausch, halafu Sol, na kileleni Effendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi hilo. Ombasha na shaushi ziliingia katika kamusi za Kiswahili kisha zikazeeka. Effendi ndiye aliyeshinda, akageuka afande. Waingereza nao walikitumia cheo hicho katika miaka ya mwisho ya King's African Rifles (KAR), jeshi lao la kikoloni Afrika Mashariki, kwa Waafrika waliokaribia uofisa bila kupewa kamisheni. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Leo nchini Tanzania mama anayeuza mboga humwita konstebo wa barabarani "afande", heshima ambayo mwaka 1910 ilikuwa ya watu wachache mno. Vyeo vya lugha hupanda na kushuka kama vya jeshi.

Ngazi hiyo inaeleza utata ambao bado unatusumbua: askari lina maana pana na maana finyu. Kwa maana pana, ombasha ni askari, shaushi ni askari, wote ni askari. Kwa maana finyu, askari ni yule wa mwisho, asiye na utepe begani. Maana zote mbili zimo katika tamko la kawaida kabisa la Jeshi la Polisi Tanzania: "maofisa, wakaguzi na askari wa vyeo mbalimbali". Hapo askari ni konstebo, koplo, sajenti na wenzao hadi mpaka wa wakaguzi. Mkaguzi na mrakibu hawamo, ingawa mtaani nao huitwa askari. Kwa hiyo ukiripoti kwamba askari 12 wamepandishwa vyeo huku kati yao kuna warakibu wasaidizi, umeivunja ngazi ambayo wenyewe wanaiheshimu, na msomaji wa ndani ya jeshi hatakuamini katika aya zinazofuata. JWTZ, jeshi la ulinzi la Tanzania, nayo huongea hivyohivyo: "maafisa na askari". Afisa ana kamisheni, askari hana. Kanuni rahisi kwa mwandishi wa habari: kama unajua cheo, andika cheo, na neno askari liache kwa kundi lisilo na vyeo vilivyotajwa.

Hapa pia ndipo takwimu za historia zinapoharibika. Husomwa mara nyingi kwamba vita vilipoanza mwaka 1914 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa na askari karibu 2,500. Ni kweli, ukihesabu Schutztruppe peke yake: kampuni 14, kila moja ikiwa na watu kati ya 150 na 200, Wazungu wachache wa kuongoza, na bunduki za rashasha mbili au zaidi. Lakini koloni lilikuwa pia na kikosi cha polisi chenye watu zaidi ya 2,000, nao wakiitwa askari, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa jeshini. Anayekusanya "askari" kutoka nyaraka mbili bila kutazama idara atapata idadi maradufu. Anayesoma nyaraka za polisi akidhani ni za jeshi atashangaa kwa nini askari wake anapeleka barua na kukusanya kodi badala ya kupigana.

Kosa la tatu la hesabu ni kuwachanganya askari na watu waliokuwa pembeni yao. Kampuni iliyotembea haikuwa watu 160. Ilikuwa na wapagazi wasiopungua idadi ya wapiganaji na mara nyingi wakiizidi, wavulana waliombebea askari vitu vyake, na wanawake na watoto wa familia za askari waliosafiri na kikosi na kupika kambini. Kisha walikuwapo ruga-ruga. Jina hili lina asili ya Unyamwezi, kwa vijana wa vita wa watemi kama Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884. Ruga-ruga wa Mirambo hawakuwa askari kwa kipimo chochote: hawakuwa na mshahara wa mwezi wala sare, waliishi kwa nyara na kwa ukarimu wa mtemi. Wajerumani walipowatumia baadaye kama wasaidizi waliwaacha katika hali hiyohiyo, kwa siku chache, kwa malipo ya nyara, bila mkataba. Katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, uporaji na uchomaji wa vyakula ulifanywa na askari na wasaidizi wa aina hiyo pamoja. Mtafiti anayewaweka wote katika kapu moja la "askari" anafuta swali muhimu: nani alikuwa na amri ya maandishi, na nani aliachiwa tu njaa yake imwongoze?

Ukitaka kupima kama mtu katika waraka wa kale alikuwa askari, uliza mambo manne. Nani alimlipa, na kwa mwezi au kwa kazi? Alikuwa na sare au alama iliyotolewa na mwajiri? Jina lake liliandikwa katika orodha ya kikosi chenye namba? Angeadhibiwa kwa sheria gani akitoroka? Mpagazi wa vita alilipwa na mara nyingi aliorodheshwa, lakini hakukabidhiwa silaha, na mshahara wake ulikuwa wa chini. Ruga-ruga alikuwa na silaha, orodha hakuna. Mpiganaji wa mtemi alikuwa na silaha na bwana, mshahara hakuna.

Kwa kipimo hicho, maneno "askari wa Mkwawa" yanayorudiwa katika vitabu vya shule hayakai sawa. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe waliivamia safu ya kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski wakamuua yeye na zaidi ya watu 200 wa kikosi chake. Askari siku ile walikuwa waliouawa, Wasudani na wenzao wa Schutztruppe. Waliowaua walikuwa wapiganaji wa Uhehe, waliokuja kwa wito wa Mkwawa, mtwa (mtawala) wao. Ukiwaita wote askari, mwanafunzi hawezi tena kuona jambo kubwa la vita vile: jeshi la mshahara lilipigwa na watu wa nchi waliotetea makao yao. Kambi ya Colito ya Dar es Salaam, ambako maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati ule, yalianzia tarehe 20 Januari 1964, leo inaitwa Lugalo, na jina hilo linawaenzi Wahehe. Kwa hiyo "askari wa Lugalo" wa leo ni wa kambi iliyopewa jina la ushindi dhidi ya askari. Sioni ubaya wowote katika hilo. Naona tu ulazima wa kuandika mwaka.

Maasi yale yalileta badiliko jingine katika msamiati. Kikosi cha zamani kilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, lenye jina linalobishana waziwazi na utumishi wa kulipwa na bwana. Mwanajeshi likapata nguvu katika redio na magazeti, na askari likazidi kuegemea kwa polisi. Lakini badiliko halikukamilika, na Tanzania ina ugumu wake wa pekee: polisi, magereza, uhamiaji na zimamoto wote wanaitwa jeshi, ilhali hakuna anayemwita mzima moto mwanajeshi. Mwanajeshi ni wa JWTZ. Wengine wote, ingawa wamo katika majeshi, ni askari. Mtafsiri mgeni hujikwaa hapa kila mara, kwa kudhani mwanajeshi ni mtu yeyote wa jeshi lolote.

Kenya ilikwenda njia yake. Baada ya katiba ya 2010 polisi wakawa Huduma ya Taifa ya Polisi, neno afisa likashuka hadi kwa mwenye cheo cha chini kabisa, na askari likabaki kwa mlinzi na kwa mtu wa kaunti. Uganda mlinzi wa duka ni askari bila shaka yoyote, wakati Waganda wenyewe husema abaserikale kwa polisi na wanajeshi, umbo lililo karibu na serikali kuliko askari. Wanyarwanda nao wana abasirikare. Katika lugha hizo mbili mtu mwenye bunduki ameitwa "mtu wa serikali", na hiyo ni maana ya askari iliyorudi kwa mlango mwingine. Kongo ya mashariki ndiyo iliyohifadhi maana ya kijeshi kwa uaminifu zaidi, na huko utasikia waaskari au maaskari bila mtu kushtuka.

Kuhusu wingi huo, Kiswahili sanifu kinataka askari huyu na askari hawa, upatanisho wa watu, bila kiambishi chochote kwenye jina. Askari wake, si askari yake. Maaskari ni ya mazungumzo, na sioni sababu ya kumkaripia anayeisema, ila katika maandishi rasmi haifai. Hatari ya kweli iko kwenye vichwa vya habari. "Askari auawa" na "Askari wauawa" zinatofautiana kwa herufi moja, na kichwa kisicho na kitenzi, kwa mfano "Mauaji ya askari Kibiti", hakisemi kama ni mmoja au wengi, wala kama askari ndiye aliyeua au aliyeuawa. Mhariri mzuri huongeza idadi na idara: "Polisi wanane wauawa". Maneno matatu, hakuna utata.

Vikumbushi vya kazi husaidia pia, na Kiswahili kimejaa: askari magereza, askari wanyamapori, askari wa usalama barabarani, askari mgambo, na askari kanzu, polisi asiye na sare, aliyepewa jina la vazi la raia alilojifichia. Nalipenda hilo la mwisho kwa sababu linathibitisha kanuni kwa kuivunja. Sare ni sehemu ya maana ya askari kiasi kwamba anayeivua lazima apewe jina la pekee.

Utata huu si wa urembo wa lugha tu mahali penye vita. Katika sheria za kimataifa za kivita, mlinzi wa kampuni binafsi anayelinda ghala ni raia, na kumlenga ni kosa zito. Polisi wa kawaida naye kwa kanuni ya jumla ni raia, mpaka atakapoingizwa rasmi katika jeshi linalopigana. Ripoti kutoka Ituri ya Kongo au Cabo Delgado ya Msumbiji inayosema "askari watano wameuawa", ikatafsiriwa kama wanajeshi, imewaondolea walinzi watano ulinzi wa kisheria kwa neno moja. Wanaokusanya ushahidi wa mashahidi wanaosema Kiswahili wanapaswa kumuuliza shahidi papo hapo, kabla ya kutafsiri: askari wa nani, alivaa nini, ulijuaje? Swali hilo likiachwa hadi mahakamani, mara nyingi huwa limechelewa.

Neno lilisafiri pia nje ya Afrika Mashariki, na kila lilikotua lilibeba uhusiano na bwana. Waitalia walikuwa na askari wao wa Eritrea, wakaandika ascari, na kwa kuwa i ya mwisho kwao ni alama ya wingi, wakatengeneza umoja usiokuwapo popote duniani: ascaro. Mamia ya Waeritrea hao walitekwa na Waethiopia katika vita vya Adwa tarehe 1 Machi 1896 na kukatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, adhabu ambayo wafungwa wa Kiitalia hawakupewa. Mteka alimwona mzungu kuwa adui, lakini alimwona ascaro kuwa mhaini. Wahispania waliwaita hivyo askari wa miguu wa Morocco. Wajerumani wa Hitler walilitumia kwa walinzi waliofunzwa katika kambi ya Trawniki nchini Poland, wengi wao mateka wa jeshi la Kisovieti, waliotumika katika maangamizi ya Wayahudi.

Lakini aliyeligeuza kabisa ni utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini. Kule Vlakplaas, shamba la polisi wa siri karibu na Pretoria, wapigania uhuru waliokamatwa wakageuzwa kwa mateso, vitisho au fedha waliitwa askari, na kazi yao ilikuwa kuwatambua na kuwaua wenzao wa zamani. Kwa hiyo kwa Msauzi wa kizazi hicho askari maana yake ni msaliti, tusi zito ambalo watu wameuawa kwa kuhusishwa nalo. Mtanzania anayemtambulisha babu yake mjini Johannesburg kwa fahari, "alikuwa askari", afadhali aongeze haraka jina la jeshi na mwaka.

Maana ya mshahara haikupotea hata kwa waliobaki bila jeshi. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, mwana wa askari wa asili ya Sudani, alitumika akiwa mtoto upande wa Wajerumani, akaenda Berlin 1929 na kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Alikataliwa kwa hoja kwamba amechelewa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu za kikoloni, na akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 1944. Simulizi za Kijerumani za enzi ile zilipenda sana maneno "askari mwaminifu". Dai la Husen linaonyesha upande wa pili wa uaminifu huo: ulikuwa mkataba, na upande mmoja haukulipa.

Familia nyingi sasa zinatafuta habari za wazee wao, na hapa usahihi una faida ya moja kwa moja. Anza na tahajia. Karani wa Kijerumani aliandika sch kwa sh, dsch kwa j, na j kwa y: Kilimandscharo, Bagamojo, Schausch. Jina Yusufu linaweza kuwa Jussuf, na Juma likawa Djuma au Dschuma, kwa hiyo tafuta maumbo yote. FK mbele ya namba ni kampuni ya uwanjani. Upande wa Waingereza, KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na Kenya ya leo. Kabla ya upanuzi wa vita, "4 KAR" ni batalioni moja ya Uganda. Baadaye namba zikawa mbili: "3/4 KAR" ni batalioni ya tatu ya rejimenti ya nne, na ukiigeuza utamtafuta mzee Nairobi huku alikuwa wa Uganda. Mwaka 1918 KAR ilikuwa na batalioni 22 na watu takriban 35,000, hivyo namba ya kwanza ni muhimu kama jina.

Usiiamini sana picha. Suruali ndefu na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo huelekeza kwa Schutztruppe, kaptula kwa KAR. Bunduki haisemi kweli baada ya 1916, kwa sababu watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, walipigana miaka ya mwisho wakiwa na silaha nyingi za kuteka, za Waingereza na za Wareno. Wengine walibadili jeshi kabisa: aliyetekwa akiwa askari wa Mjerumani aliweza kumaliza vita akiwa KAR, na nyaraka mbili zinazopingana zinaweza kuwa za mtu mmoja.

Na kama ushahidi unasema mpagazi, andika mpagazi. Ninasisitiza hili kuliko yote, kwa sababu kuna tabia ya kumpandisha mzee kuwa askari kwa nia njema. Wapagazi waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa katika vita vile waliwazidi mbali askari waliouawa kwa risasi, na majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927 mahali iliposimama ya Wissmann, inaonyesha mtu mmoja mwenye bunduki na singe. Maandishi yake yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi, lakini shaba haikuwapa mwili. Nairobi walau mpagazi amesimama pamoja na wenye bunduki. Hakuna kati ya sanamu hizo mbili iliyoorodhesha watu hao kwa majina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Sababu mojawapo ilikuwa orodha ambazo hazikutunzwa au hazikutumwa.

Kazi ya kurudisha majina hayo imeanza, na itategemea watu wanaojaza fomu vijijini na kwenye hifadhi za nyaraka. Katika safu ya kazi aliyofanya marehemu, tafadhali msiandike "askari" kwa kila mtu aliyekwenda vitani. Andikeni mwajiri, kikosi na namba yake, kazi, cheo kama kipo, na mwaka. Mpishi aandikwe mpishi, mpiga simu mpiga simu, mpagazi mpagazi, na askari awe yule tu aliyeandikishwa kuwa askari.